Jina la Asiyejulikana: Maadili ya Kusimulia Mauaji ya Hagley Wood

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, masuala ya usimulizi yamejadiliwa kwa mapana na marefu: nani anasimulia, anatazama kwa jicho la nani, na anaikusudia hadhira gani. Suala ambalo aghalabu hupitiwa juu juu ni lile la haki ya kusimulia. Je, msimulizi ana mamlaka gani juu ya mtu halisi anayemfanya mhusika wake, hasa mtu huyo akiwa amekufa, hana jina, hana jamaa anayejulikana, na kwa hivyo hana wa kumsemea wala wa kumkanushia? Mhusika wa kubuni hawezi kudhulumiwa na mtunzi wake, kwani hana maisha nje ya matini. Maiti asiyejulikana yu katika hali tofauti. Maisha aliyoishi yalikuwa yake. Hadithi iliyobaki ni mali ya wengine.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia kisa kimoja cha kweli, nacho ni mauaji ya mwanamke ambaye mifupa yake ilipatikana ndani ya shina la mti katika msitu wa Hagley Wood, Uingereza, mwaka 1943. Kisa hiki kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hadi leo haijathibitishwa mwanamke huyo alikuwa nani wala aliuawa na nani. Pili, kisa hiki ni cha kifasihi kwa namna ya pekee, kwa kuwa kilichokieneza zaidi ni sentensi moja iliyoandikwa ukutani na mkono usiojulikana. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kumpa jina na hadithi mtu aliyeuawa asijulikane si lazima kuwe ni kumkumbuka. Kwaweza kuwa ni kuliziba pengo ambalo jina lake la kweli lingepitia. Hata hivyo, makala haya hayaafiki rai kwamba heshima pekee inayowezekana ni kunyamaza. Ipo njia nyingine, na dalili yake imo katika namna Kiswahili kinavyomtaja mtu ambaye jina lake halijulikani.

2. Ushahidi wa Mwili

Tarehe 18 Aprili 1943, wavulana wanne waliingia bila idhini katika msitu wa Hagley Wood, karibu na mji wa Stourbridge, katika ardhi ya Lord Cobham, wakitafuta viota vya ndege. Mmoja wao alipanda mti uliokuwa na uwazi ndani ya shina, akachungulia, akaona fuvu. Mwanzoni alidhani ni la mnyama. Alipolitoa akaona nywele na meno ya binadamu. Kwa kuwa walikuwa wamevunja sheria kwa kuingia msituni humo, walilirudisha fuvu mahali pake wakaafikiana kunyamaza. Mdogo wao hakuweza kuistahimili siri hiyo. Aliwaambia wazazi wake, na polisi wakaarifiwa.

Ndani ya shina polisi walipata mifupa iliyokaribia kukamilika, kiatu, pete ya ndoa isiyo ya thamani kubwa, na mabaki ya nguo. Mifupa ya mkono mmoja ilipatikana mbali kidogo na mti. Profesa James Webster, aliyeongoza maabara ya uchunguzi wa jinai mjini Birmingham, alitoa maelezo ambayo ndiyo msingi wa kila kinachoweza kusemwa kwa uhakika. Mifupa ilikuwa ya mwanamke wa umri wa miaka 35 hivi, mwenye kimo cha futi 5, nywele za rangi ya hudhurungi, na meno ya taya la chini yasiyokaa sawa. Alikuwa amepata kuzaa. Alikuwa amekufa angalau miezi 18 kabla ya kupatikana, yaani yapata Oktoba 1941 au mapema zaidi. Kipande cha kitambaa cha tafta kilikuwa kimeshindiliwa kinywani, na kwa hivyo Webster aliona kuwa alikufa kwa kukosa pumzi. Fauka ya hayo, nafasi ndani ya shina ilikuwa finyu kiasi kwamba mwili haungeweza kuingizwa baada ya kukakamaa. Ilikuwa dhahiri basi kwamba aliingizwa humo muda mfupi baada ya kufa, au akiwa katika kukata roho.

Polisi walizifuata njia zilizokuwapo. Waliulizia kiatu kwa watengenezaji na meno kwa madaktari wa meno, lakini hawakupata jina. Nchi ilikuwa vitani. Miji ilikuwa imepigwa mabomu, watu wamehamishwa, familia zimetawanyika. Mwanamke kutoonekana kwa miezi kadhaa kulikuwa na sababu nyingi za kawaida. Baadaye mifupa yenyewe ilipotea, na mahali ilipo hapajulikani. Kwa sababu hiyo upimaji wa DNA, ambao umewarudishia majina maiti wengi katika nchi mbalimbali, haukuweza kufanywa. Mwaka 2018 uso wake uliundwa upya kwa kutegemea picha za zamani za fuvu, maana fuvu lenyewe halikuwapo.

Yafaa orodha hii fupi ishikwe akilini, kwani mengine yote yanayosimuliwa ni nyongeza. Mwili ulitoa ushahidi kuhusu umri, kimo, meno, uzazi na namna ya kufa. Haukusema lolote kuhusu jina, kazi, tabia wala taifa.

3. Swali Lililoandikwa Ukutani

Mwaka 1944 maandishi yalianza kuonekana kwenye kuta katika eneo la Birmingham na miji ya jirani. Yaliuliza ni nani aliyemtia Bella ndani ya mti wa wych elm, na mengine yaliutaja msitu wenyewe. Jina halikuandikwa kwa namna moja. Pengine lilikuwa Bella, pengine Luebella. Mwandishi hakupatikana. Hata hivyo, tangu wakati huo mwanamke wa Hagley Wood akawa Bella magazetini na vinywani mwa watu, na polisi nao wakaanza kuwafuatilia wanawake waliopotea wenye jina hilo au majina yanayolikaribia.

Sentensi hii inastahili kuhakikiwa kama matini yoyote nyingine. Kisarufi ni swali, lakini kwa kuuliza jambo moja inapitisha mengine mawili kana kwamba yamekwisha kukubaliwa: kwamba mwanamke huyo aliitwa Bella, na kwamba kilicho muhimu kujua ni mtu aliyemtia mtini. Kiima cha sentensi ni muuaji. Mwanamke ni yambwa. Ikitafsiriwa kwa Kiswahili, yeye huwakilishwa ndani ya kitenzi na kiambishi -m- pekee, katika neno "alimtia": yupo kama mtendwa, hana kitendo chake mwenyewe. Swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani huyu ni nani, limeondolewa kwa kulijibu bila ithibati.

Kiutanzu, maandishi haya yanafanana na kitendawili, na hadhira yake iliyapokea hivyo. Lakini kitendawili kina masharti yake. Anayetega anajua jawabu. Hadhira inajua kwamba anajua. Na hadhira ikishindwa, humpa mji, naye akiisha kuupokea hana budi kulitoa jawabu. Mkataba huu ndio unaofanya kutega kuwe ni mchezo wa haki. Maandishi ya ukutani hayana mkataba wowote. Yametegwa na mtu aliyejificha, na hakuna wa kupewa mji.

Hapa ndipo tatizo la kimaadili linapojitokeza kwa ukali. Ama mwandishi alijua, ama hakujua. Ikiwa alijua jina la mwanamke huyo, basi alikuwa shahidi, na alichodaiwa na haki ni ushahidi. Kuugeuza ushahidi kuwa fumbo ni kuichezea damu ya mtu. Ikiwa hakujua, basi alimbandika marehemu jina la uwongo na kuwaelekeza waliokuwa wakimtafuta kwenye njia isiyokuwa yake. Familia iliyopotelewa na mwanamke aitwaye Dorothy au Maria isingekuwa na sababu ya kuyatazama mara mbili maandishi yaliyomtaja Bella. Insafu inadai iongezwe dhana ya tatu: huenda mwandishi alijua lakini alihofia maisha yake, na ukuta ulikuwa mahali pekee alipothubutu kusema. Dhana hii yaweza kupunguza lawama yake. Haimpunguzii mlaumiwa wa pili, ambaye ni hadhira, iliyolipokea jina hilo na kulitumia kwa miongo mingi bila kujua ni la kweli au la kubuni.

Kisha maandishi yenyewe yalibadilika. Tangu miaka ya 1970 yameonekana kwenye mnara wa mawe wa karne ya 18 ulioko kilima cha Wychbury, karibu na Hagley. Huko neno wych limeandikwa witch. Kwa matamshi maneno hayo mawili hayatofautiani. La kwanza ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kupindika kwa wepesi, sifa ya matawi ya mti huo. La pili lina maana ya mchawi. Tahajia moja imeutoa mti katika elimu ya mimea na kuuingiza katika ulimwengu wa uchawi. Mfano wa wazi zaidi wa jinsi umbo la neno linavyoweza kuzalisha maudhui ni nadra kupatikana, na maudhui yaliyozalishwa hapa yalimwangukia mtu halisi.

4. Hadithi Tatu na Mhusika Mmoja

Maelezo yaliyotolewa kuhusu kifo hicho ni mengi, lakini yaliyopata umaarufu ni matatu.

La kwanza ni la uchawi. Msomi Margaret Murray, aliyekuwa ametetea tangu mwaka 1921 nadharia ya kuwapo kwa dini ya kale ya wachawi barani Ulaya, aliihusisha mifupa ya mkono iliyopatikana mbali na mti na imani za Wazungu wa zamani kuhusu mkono wa maiti kutumika katika uganga. Nadharia ya Murray ilikuja kukataliwa na wanahistoria. Wanyama wa msituni hutawanya mifupa, na maelezo hayo mepesi yanatosha.

La pili ni la ujasusi. Mwaka 1953, mwanamke aliyetia sahihi kwa jina la Anna aliliandikia gazeti la Express and Star la Wolverhampton akidai kwamba mauaji yalihusiana na wapelelezi wa Ujerumani. Miaka mingi baadaye dhana hiyo iliunganishwa na Josef Jakobs, mpelelezi aliyeshuka Uingereza kwa mwavuli Januari 1941 na kuuawa kwa kupigwa risasi katika Mnara wa London tarehe 15 Agosti 1941, mtu wa mwisho kunyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu mahali hapo. Jakobs alikutwa na picha ya mwimbaji Clara Bauerle, na wengi wakashawishika kwamba Clara Bauerle ndiye Bella. Mlio wa majina uliwavutia. Lakini Clara Bauerle alifariki mjini Berlin Desemba 1942, mwaka mzima na zaidi baada ya wakati aliokadiria Webster.

La tatu ni la ulevi. Linasema kwamba mwanamke huyo alilewa akiwa na wanaume wawili, nao wakamtia mtini akiwa hana fahamu ili akizinduka apate funzo. Maelezo haya hayakielezi kitambaa kilichokuwa kinywani.

Nia hapa si kuamua ni lipi lenye nguvu zaidi. Kinachomhusu mhakiki ni umbo linaloyaunganisha. Katika kila moja, mwanamke anapewa sifa ambayo inakielezea kifo chake: alikuwa kafara wa wachawi kwa kuwa alijihusisha nao, aliuawa na wapelelezi kwa kuwa alikuwa mpelelezi, alitiwa mtini kwa kuwa alikuwa mlevi. Huu ni mwendo wa tanzia, ambapo kosa la mhusika ndilo linalozaa hatima yake. Katika tamthilia mwendo huo una mantiki, kwani tabia na hatima vyote viwili vimetungwa na mtu mmoja kwa makusudi. Ukihamishiwa kwa mtu halisi unakuwa lawama. Mauaji ni tendo la muuaji. Hadithi hizi zinayageuza kuwa zao la maisha ya aliyeuawa, maisha ambayo hakuna anayeyajua.

Jina lenyewe lilichangia. Bella ni neno la Kiitaliano lenye maana ya mwanamke mzuri. Mifupa haikuwa na lolote la kusema kuhusu uzuri, na hilo la meno yasiyokaa sawa halikupata nafasi katika masimulizi mengi. Edgar Allan Poe aliwahi kudai, katika insha yake ya mwaka 1846 kuhusu utunzi, kwamba hakuna mada ya kishairi zaidi ya kifo cha mwanamke mzuri. Kabla ya hapo alikuwa amekitumia kifo cha Mary Rogers, aliyepatikana amekufa katika mto Hudson mwaka 1841, kuandika hadithi ya upelelezi aliyoihamishia Paris. Poe angalau alilibadilisha jina na mji. Kwa namna fulani, Hagley Wood ni kinyume chake: mji umebaki wa kweli, msitu ni wa kweli, na mwanamke peke yake ndiye aliyefanywa wa kubuni.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inatoa ulinganisho wenye manufaa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, aliyeuawa anajulikana tangu mwanzo: ana jina, ana nyumba, ana watu wake. Mzimu umo katika hadithi kama pazia la hofu, na kazi ya Bwana Msa ni kulifunua pazia hilo kwa akili ili mkono wa binadamu uonekane. Huko Hagley mwendo ulikuwa wa kinyumenyume. Akili ilipokwama, mzimu ndio ulioitwa uje kutoa maelezo. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa ana kila sababu ya kuutilia shaka mzimu wa aina hiyo, uwe ni wa wachawi au wa wapelelezi wa kigeni.

5. Je, Maiti Hudhulumiwa?

Kuna pingamizi la kimsingi linalopaswa kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba mjadala huu wote ni wa bure kwa kuwa maiti hawezi kudhulumiwa. Hasikii anayeitwa kwa jina lisilo lake, haoni aibu akiitwa mlevi. Rai hii ina asili ya kale. Epikuro alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu, kwa sababu tukiwapo chenyewe hakipo, na kikiwapo sisi hatupo. Aristotle alikuwa mwangalifu zaidi. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili yake kwa Nikomako anauliza kama mambo yanayowapata jamaa huwagusa waliokufa, na anakubali kwamba huenda yakawagusa, ingawa kwa kiasi kidogo. Katika karne ya 20, mwanafalsafa wa Marekani Joel Feinberg alitetea wazo kwamba baadhi ya masilahi ya mtu huendelea baada ya kifo chake. Anayevunjiwa ahadi aliyoahidiwa kitandani mwa mauti amekosewa, hata kama hataijua kamwe habari hiyo.

Mwelekeo wa Feinberg unaafikiana na yale ambayo jamii nyingi za Afrika Mashariki huyatenda bila kuyafanyia nadharia. Wosia hutekelezwa, deni la marehemu hulipwa, na kumsengenya aliyekufa huhesabiwa kuwa kosa. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, swala ya jeneza inasihi bila kumtaja maiti kwa jina. Yatosha mwenye kuswali amkusudie maiti aliye mbele yake. Hukumu hii ina uzito wa kifalsafa unaozidi ibada yenyewe. Inamaanisha kwamba wajibu wa walio hai kwa maiti hautegemei kumjua ni nani. Anadaiwa haki yake kwa kuwa ni mtu, na ujinga wa walio hai kuhusu jina lake haumpunguzii.

Lugha nayo ina la kusema. Neno maiti hutumiwa kwa upatanisho wa aina mbili: wapo wasemao "maiti huyu", wapo wasemao "maiti hii". Mwenye kusema "huyu" amemweka katika ngeli ya watu; mwenye kusema "hii" amemweka pamoja na vitu. Vyombo vya habari kwa kawaida huukwepa uamuzi huo kwa kusema "mwili umepatikana", kirai ambacho hakimtaji mtu kabisa. Neno marehemu, kwa upande wake, huandamana na jina au na cheo cha ujamaa, nalo hubeba dua ya rehema ndani yake. Maiti asiyejulikana huitwa mwili kwa urahisi, huitwa maiti kwa usahihi, lakini ni nadra kuitwa marehemu. Kukosa jina kunamnyima hata neno la rehema.

Suala hili si geni nchini Kenya. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na mingi ilibaki muda mrefu bila kutambuliwa huku DNA ikisubiriwa. Kabla ya majina kupatikana, waliokufa walikuwa wameshapewa sifa ya jumla ya kuwa wafuasi wa dhehebu, ingawa miongoni mwao walikuwamo watoto wengi ambao hawakuchagua kumfuata mtu yeyote. Julai 2024, miili ya wanawake ilipatikana ikiwa imetiwa magunia katika jaa la Kware, Nairobi. Katika hali kama hizi, kishawishi cha kuwasimulia wafu kabla ya kuwajua ni kikubwa, na wanaoumia kwanza ni jamaa ambao bado wanatafuta.

6. Fulani na Mama Fulani

Mtetezi wa jina la Bella ana hoja moja nzito. Atasema kwamba bila maandishi yale mwanamke huyo angesahauliwa pamoja na maelfu wengine waliopotea vitani, na kwamba jina la uwongo linalomhifadhi ni bora kuliko ukweli unaomwacha gizani. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Ni kweli kwamba watu hutafuta zaidi kile walicho na jina la kukiita. Lakini inachanganya matumizi mawili ya jina. Jina laweza kuwa kishikio, kama nambari inayofungwa kwenye kidole cha maiti, ambayo kila mtu anajua kwamba ni ya muda. Na jina laweza kuwa jibu. Bella lilianza kwa kujifanya jibu, na kwa kuwa hakuna anayejua kama ni jibu, limeshindwa pia kuwa kishikio cha haki.

Kiswahili kina neno linaloifanya kazi ya kishikio bila hila: fulani. Asemaye fulani anakiri mambo mawili kwa pamoja. Anakiri kwamba mtu anayetajwa ana jina, na kwamba jina hilo halitajwi hapa, ama kwa kutojulikana ama kwa kusitiriwa. Nafasi ya jina imehifadhiwa na haijakaliwa. Tofauti kati ya Bella na fulani ni tofauti kati ya nyumba iliyovamiwa na nyumba inayomsubiri mwenyewe.

Kiswahili cha Afrika Mashariki kinaweza kwenda hatua moja zaidi. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Fulani. Katika orodha fupi ya ushahidi wa Webster limo jambo hili moja lenye kuhusu uhusiano wa marehemu na mtu mwingine, kwamba alikuwa amezaa. Ni ajabu kwamba hadithi zote tatu zilizotajwa hazikulitumia. Kafara wa wachawi hana mtoto, mpelelezi hana mtoto, mlevi wa baa hana mtoto. Utanzu uliochaguliwa haukuwa na nafasi yake. Mwili ulisema jambo kuhusu maisha yake, na wasimulizi wakalinyamazia kwa kuwa halikuwafaa. Kumwita Mama Fulani ni kumwita kwa jina ambalo nusu yake ni ya hakika na nusu yake imeachwa wazi kwa uaminifu. Na kwa kumwita hivyo swali linabadilika. Badala ya kuuliza tu ni nani aliyemtia mtini, mtu analazimika kuuliza pia mtoto huyo alipatwa na nini, alilelewa na nani, aliambiwa nini kuhusu mamaye, na kama alikua akiamini kwamba alitelekezwa. Muuaji hakumwua mtu aliye peke yake.

Kutokana na mjadala huu yaweza kupendekezwa masharti manne kwa anayetaka kumsimulia mtu aliyeuawa asijulikane, awe mtunzi, mwandishi wa habari au mhakiki. Kwanza, mpaka kati ya kilichoshuhudiwa na kilichobuniwa uwe wazi kwa msomaji katika kila hatua. Pili, marehemu asipewe tabia ambayo kazi yake ni kukieleza kifo chake. Tatu, mauaji yabaki kuwa tendo lenye mtendaji, yasigeuzwe kuwa mandhari ya kutisha ya msitu, mti na usiku. Nne, kila jina analopewa liwe la muda, na hadithi iwe tayari kuvunjwa siku jina la kweli litakapopatikana. Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu linamtaka msimulizi atunge kazi huku akitumaini kwamba itakanushwa.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sentensi moja ya ukutani iliweza kumgeuza mwanamke aliyeuawa kuwa mhusika, na kwamba hadithi zilizoizunguka sentensi hiyo zilimtwisha tabia ambazo hazikutokana na ushahidi wowote. Yameonyesha pia kwamba kunyamaza kabisa si wajibu, kwa kuwa maiti ana haki ya kutafutwa na kutajwa. Lugha yenyewe inatoa njia ya kumtaja bila kumnyang'anya jina.

Masharti yaliyopendekezwa yanahitaji kujaribiwa juu ya matini nyingine, hasa riwaya na tamthilia zinazotokana na visa vya kweli vya mauaji, ambazo zinazidi kuandikwa kwa Kiswahili na kufundishwa madarasani. Mwanafunzi anayefundishwa kuchambua fani na maudhui ya kazi kama hizo afundishwe pia kuuliza ni kipi katika kazi hiyo kilichosemwa na aliyekufa, na ni kipi alichosemewa. Kuhusu Hagley Wood, iwapo mifupa itapatikana siku moja na kupimwa, huenda jina litakalotoka lisiwe na mvuto wowote wa kifasihi. Litakuwa jina la kawaida la mwanamke wa miaka 35, mzazi, mwenye meno yasiyokaa sawa, na ndilo litakalompa haki ya kuitwa marehemu.